Kifurushi ni 200 Mbps, waya kupitia ruta ya zamani unaishia 61: nani anabana?

#1 NtindaWaya
Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili kwa vipimo.

Faiba, kifurushi cha 200 Mbps (megabiti kwa sekunde). ONT ya mtoa huduma (kisanduku cha kupokea faiba) iko kwenye bridge, yaani inapitisha data tu; ruta ndiyo inayopiga PPPoE (kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nenosiri). Ruta ni N300 (Wi-Fi ya 300 Mbps) ya zamani, antena mbili, mlango mmoja wa WAN (upande wa intaneti) na minne ya LAN (upande wa nyumbani). Kebo ya mita 18 mpaka kwenye laptopu. Vipimo vya asubuhi, seva ya Kampala:

Laptopu moja kwa moja kwenye ONT: kupakua 191, kupakia 189.
Laptopu kupitia ruta kwa waya: kupakua 61, kupakia 88.
Windows inasema kiungo ni 100/100 Mbps.

Dai langu: ruta ndiyo kizuizi, mtoa huduma hana kosa. Kinachonisumbua ni hiyo 61. Kama tatizo ni mlango wa 100, mbona isifike hata 90?

#2 Fundi_Jinja
Ruta nyingi za N300 zina milango ya 10/100. TL-WR841N, hata MikroTik hAP lite, zote ni hivyo. Hakuna mpangilio utakaokupa zaidi, chipu ya swichi yenyewe haina gigabiti.

Ila mia ya mlango haiwi mia ya kipimo. Pakiti ya baiti 1500 hukalia waya kwa muda wa baiti 1538 ukihesabu kichwa cha fremu, utangulizi na nafasi kati ya fremu. Ndani ya 1500 kuna 40 za vichwa vya IP na TCP, taratibu zinazosafirisha data. Gawa 1460 kwa 1538, unapata asilimia 94.9. PPPoE inakula baiti 8 nyingine, unabaki na 94.4. Kwa hiyo kipimo kikiganda kati ya 92 na 95, asubuhi na jioni, huo ni mlango wa 100 umefika mwisho.

61 si mlango. Kuna kingine juu yake.

#3 KawempeBit
Hicho kingine ni prosesa. Watu hutazama milango wakasahau kuwa kila pakiti inayovuka kutoka WAN kwenda LAN hubadilishwa anwani (NAT), hupitishwa kwenye fayawoli, na hapa huvuliwa pia ganda la PPPoE. Yote hayo hufanywa na prosesa moja ya MIPS. WRT54GL ilikuwa na MHz 200 na RAM ya MB 16. Milango yake ni ya 100 lakini NAT yake haifiki hata nusu ya hapo.

Namna ya kuthibitisha bila kufungua kitu: fungua dirisha la ping kuelekea anwani ya ruta yenyewe, 192.168.0.1 au 192.168.1.1, halafu anzisha kipimo cha kasi. Ping ikitoka milisekunde 1 ikaruka hadi 30, 50 au ikadondosha, prosesa imezidiwa. Kama umeweka OpenWrt (fimuwea huria, yaani programu ya ndani ya ruta), ingia kwa SSH (dirisha la amri), andika top, utazame sirq (muda wa prosesa unaoliwa na pakiti). Ikipanda huku idle (muda wa kupumzika) ikikaribia 0, jibu unalo.

Halafu zima hivi vyote, kisha pima tena: QoS au Bandwidth Control, Parental Control, Statistics, na uchujaji wa tovuti. Kwenye ruta zenye NAT ya kimaunzi (inayofanywa na chipu, siyo prosesa), kimoja tu kikiwa kimewashwa huilazimisha kila pakiti irudi kwa prosesa. Ruta ileile inaweza kupoteza nusu ya kasi kwa sababu ya tiki moja.

#4 Mbarara_Cat6
Mnazunguka bure. Anza na kebo. Cat5e mwisho wake ni 100, toa hiyo weka Cat6, utaona.

#5 Fundi_Jinja
@Mbarara_Cat6 jina lako linakuponza ssebo 😀 Hapana. Gigabiti kwa waya wa shaba, kiwango cha 802.3ab cha 1999, ilibuniwa ipite kwenye Cat5 kwa mita 100. Cat5e inaibeba bila shida.

Kilicho kweli ni hiki: 100 Mbps hutumia nyuzi nne tu, za pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nane. Uzi wa bluu au wa kahawia ukikatika, au kichwa kisibanwe vizuri, vifaa viwili vya gigabiti hushuka kimyakimya hadi 100. Mtu analaumu ruta kumbe ni kichwa cha RJ45. Pia wapo wanaogawa kebo moja kwa kompyuta mbili, nyuzi nne huku na nne kule. Hapo gigabiti haipo milele.

Ila kwa NtindaWaya mlango ni wa 100 tayari, kwa hiyo Cat6 haibadilishi kitu.

#6 DadaSwichi
Msiiondoe kebo mezani haraka hivyo. Cat6 haihitajiki, lakini jinsi ilivyobanwa inaweza kushusha 94 hadi 61.

Mafundi wengi wanaofunga kamera hupanga rangi kwa mfuatano wa jozi: chungwa, kijani, bluu, kahawia, pande zote mbili sawa. Kipima kebo cha taa nane kitawaka 1 hadi 8 vizuri kabisa, kwa sababu kinapima kama uzi umefika, hakijui umesokotwa na nani. Lakini pini 3 na 6 ndizo jozi ya pili ya 100 Mbps. Kwa mpangilio huo, 3 inatoka jozi ya kijani na 6 inatoka jozi ya bluu. Hazijasokotwa pamoja, zinanyonya kelele za jirani. Kwa mita 2 hutajua. Kwa mita 18 zilizopita sambamba na waya wa umeme, pakiti zinapotea, na TCP ikiona upotevu inapunguza mwendo.

Mpangilio sahihi wa T568B: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya kichwa, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe na ule ulimi.

Swali kwa #1: ulipopima moja kwa moja kwenye ONT, ulitumia kebo ileile ya mita 18?

#7 NtindaWaya
@DadaSwichi hapana, ilikuwa ya mita 2 iliyokuja ndani ya boksi. Nimekagua vichwa vya ile ndefu: rangi zimepangwa kwa mfuatano kama ulivyoeleza, pande zote. Nimekata na kubana upya kwa T568B. Kupakua sasa 74, kupakia 93.

@KawempeBit ping kwa ruta wakati wa kipimo: kutoka 1 hadi kati ya 14 na 22. Haidondoshi. QoS ilikuwa imezimwa tangu mwanzo, Statistics ilikuwa imewashwa. Kuizima kumeongeza 2 au 3 tu.

#8 DadaSwichi
Kupakia kumefika 93, maana yake upande ule umepona. Bado naomba ukwangue uzi mmoja kwa kisu. Ndani ukiwa mweupe kama fedha, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Umeme hupita kwa shida zaidi kuliko kwenye shaba tupu, huvunjika ukikunjwa mara kadhaa, na ukibanwa kwenye RJ45 hulegea kadiri siku zinavyokwenda. Pale Barabara ya Wilson boksi la mita 305 linaweza kuandikwa Cat6 na ndani likawa alumini. Linyanyue kabla ya kulipa: la alumini ni jepesi waziwazi.

#9 KawempeBit
Waya umetoa ulichokuwa ukidaiwa, kilichobaki ni prosesa. Ping ya 22 kwa ruta iliyo mita 18 ni ruta inayohema. Na tazama: kupakia 93, kupakua 74. Kwenye fimuwea nyingi za zamani njia ya kuvua PPPoE ni nzito kuliko ya kuivisha.

#10 Gulu_Admin
Naomba nipinge kwa heshima. Prosesa iliyoweza kupakia 93 yenye NAT na PPPoE haiwezi ghafla kushindwa na 74 upande wa pili kwa tofauti kubwa hivyo. Tazameni mahali ambapo kasi inabadilika.

Mtoa huduma anaruhusu 200. Data inashuka kwa faiba. GPON (teknolojia ya faiba ya majumbani) inabeba Gbps 2.488 kwenda chini, kwa hiyo huko hakuna msongamano wa aina hii. Inafika ONT kwa mwendo wa hadi 200, na mlango unaotoka kwenda ruta umekubaliana 100. Pakiti zinarundikana ndani ya ONT, na bafa yake (kumbukumbu ya foleni) ni ndogo. Ikijaa, zinadondoka kwa mkupuo. TCP inakata mwendo, inapanda tena, inagonga tena. Wastani unaangukia 60, 70, 80, kutegemea seva na idadi ya miunganisho.

Kupakia hakuna tatizo hilo kwa sababu laptopu yenyewe iko kwenye 100: inasukuma kwa 100 na mbele kuna 200. Hakuna pa kurundikana.

Kama niko sahihi, mtu wa kifurushi cha 80 kwenye ruta hiyohiyo atapata 78 thabiti, na wa 200 atapata chini ya huyo. Ajabu, lakini ndivyo foleni zinavyofanya kazi.

#11 KawempeBit
@Gulu_Admin nadharia nzuri, lakini ping ya ruta kupanda unaielezaje? Bafa ya ONT iko upande wa pili wa ruta. Ping ya 192.168.0.1 haigusi ONT.

#12 Gulu_Admin
Ping hiyo inapita mlango uleule wa LAN uliojaa data ya kipimo. Foleni ndani ya ruta kuelekea laptopu inatosha kuleta milisekunde 14 hadi 22. Haimaanishi prosesa imefika asilimia 100.

#13 Entebbe_Antena
Samahani nikiuliza la kando. Ruta yangu boksi limeandikwa AC1200 na laptopu inaonyesha imeunganishwa kwa 867. Waya 94, Wi-Fi 94. Boksi limenidanganya?

#14 Fundi_Jinja
@Entebbe_Antena 1200 ni jumla ya 300 za masafa ya 2.4 GHz na 867 za 5 GHz, ikisogezwa juu kidogo. Hiyo ni kasi ya redio, haizungumzii milango hata kidogo. Archer C20 na C50 zina redio za AC lakini milango ya 10/100. Intaneti yote inapita kwenye WAN ya 100 kabla ya kufika kwenye redio, ndiyo maana namba zinalingana. Xiaomi walitoa Mi Router 4A mbili, moja ya 100 na nyingine ya gigabiti, umbo karibu sawa. Soma neno Gigabit kwenye kibandiko cha chini, au jedwali la milango: 10/100/1000. Usinunue kwa kuhesabu antena.

#15 Mbarara_Cat6
Sawa nimekubali kuhusu Cat5e. Lakini je, 100 Mbps si inagawanywa, 50 kwenda na 50 kurudi?

#16 DadaSwichi
Hapana. Dupleksi kamili ni 100 kwenda na 100 kurudi kwa wakati mmoja, kila upande na jozi yake. Inagawanyika pale tu kiungo kinapoanguka kwenye nusu-dupleksi, na hilo hutokea mtu akilazimisha upande mmoja kuwa "100 Full" huku mwingine ukiwa Auto. Ule wa Auto unatambua kasi lakini hauambiwi dupleksi, unachukua nusu. Matokeo ni migongano, na kasi inaporomoka upande mmoja zaidi ya mwingine.

@NtindaWaya hili nalo likague. Windows: mipangilio ya kadi ya mtandao, Advanced, Speed & Duplex, iwe Auto Negotiation. Linux: ethtool eth0, utafute Duplex: Full. Kwenye ruta WAN pia iwe Auto.

#17 NtindaWaya
Pote ni Auto, Full. Na uzi nimeukwangua: ni shaba.

#18 Mbale_Sola
Hakuna aliyegusa umeme na hapa ni Uganda, banange. Ruta nyingi za N300 zinatumia 9V, 0.6A. Adapta ikifa mtu anachomeka yoyote yenye kichwa kinachoingia. Wengine wanaunganisha moja kwa moja kwenye betri ya sola ya 12V ili ruta isizimike umeme ukikatika. Betri ya asidi ikiwa inachajiwa inafika 14.4V. Ruta inaweza kuvumilia kwa muda, lakini rigileta na kapasita zake zinachoka, na volti za ndani zikiyumba chipu ya swichi inaanza kutoa makosa ya CRC (fremu zilizoharibika njiani).

Pima volti kwenye kichwa cha adapta ruta ikiwa imewaka na kipimo cha kasi kinaendelea, siyo ikiwa haijabeba mzigo. Ya 9V ikishuka chini ya 8.5 wakati wa kazi, ibadilishe. Kwa sola weka kishusha-volti cha 12 kwenda 9 chenye uwezo wa angalau 1A. Fungua pia ganda utazame kapasita: kichwa kilichovimba au chenye utando wa kahawia ni cha kutupa.

#19 Fundi_Jinja
Naunga mkono, na niongeze radi, maana ukanda huu wa ziwa unapigwa sana. Radi si lazima iue ruta. Mara nyingi inachoma jozi moja ya mlango mmoja: uliokuwa wa gigabiti unaweza kubaki 100, wa 100 unaweza kufa kabisa. Hamisha kebo kwenye LAN2, LAN3, LAN4 ulinganishe.

Nyuzi za kioo hazipitishi umeme, lakini kebo ya faiba inayotoka kwenye nguzo mara nyingi ina waya wa chuma wa kuishikilia. Huo ukatwe nje ya nyumba, usiingie ndani pamoja na faiba. Na kebo ya shaba inayokwenda kwenye nyumba ya geti iwekewe kinga ya radi iliyounganishwa na ardhi. Kinga isiyo na ardhi ni pambo.

#20 Kololo_Tunnel
Je, VPN iko ndani ya ruta? Tangu Facebook ifungwe Januari 2021 watu wengi wameweka OpenVPN kwenye ruta ili nyumba nzima ipite huko. Prosesa ya zamani isiyo na msaada wa usimbaji haitafika mbali na OpenVPN. Iondoe kwenye ruta, weka WireGuard (VPN nyingine) kwenye kompyuta yenyewe.

#21 NtindaWaya
Hakuna VPN. Adapta ni ya asili, chini ya mzigo inatoa 9.1V. Milango yote minne inatoa matokeo sawa.

#22 Kololo_Tunnel
Basi hakikisha seva yako ya kipimo iko Kampala kweli. Muunganisho mmoja wa TCP hauzidi dirisha (data inayoruhusiwa kutumwa kabla ya kupata jibu) likigawanywa kwa muda wa kwenda na kurudi. Dirisha la megabaiti 1 na milisekunde 150 kwenda Ulaya ni kama 56 Mbps, hata ungekuwa na kifurushi cha 1000. Kwa seva ya ndani ni milisekunde chache, hesabu hii haikubani. Video nyingi zinatoka kwenye hifadhi za karibu ndiyo maana zinaruka, halafu faili la kutoka mbali linajivuta.

Na wanaoona "11 MB/s" wakidhani wameibiwa: hizo ni megabaiti. Zidisha kwa 8.

#23 KawempeBit
@NtindaWaya tumalize kwa iperf3 (programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili), tuiondoe intaneti kabisa. Laptopu A kwenye LAN1, laptopu B kwenye LAN2 kwa ile kebo ndefu. A: iperf3 -s. B: iperf3 -c anwani-ya-A, kisha rudia na -R kupima upande wa pili. Hapo unapima swichi na kebo pekee, prosesa haihusiki.

Halafu hamisha A iwe kwenye WAN kwa anwani ya kudumu 10.0.0.1/24, ruta WAN yake 10.0.0.2, bila PPPoE. Pima B kwenda A, kisha -R. Zima fayawoli ya Windows kwa muda au ruhusu mlango 5201.

#24 DadaSwichi
Ongeza na hii kwa kebo: iperf3 -c anwani -u -b 90M -t 60. Inatuma UDP (utaratibu usiorudia kutuma kilichopotea) na mwisho inaonyesha asilimia iliyopotea. Kebo nzima inatoa 0 au karibu na 0.

#25 NtindaWaya
LAN kwa LAN, pande zote: 94.1. UDP 90M: hakuna iliyopotea.
WAN kwa LAN bila PPPoE, kupakua: 91.6. Kupakia: 92.3.

#26 KawempeBit
Basi. Bila PPPoE 91, na PPPoE 74. Prosesa inamezwa na PPPoE.

#27 Gulu_Admin
Au: bila kifurushi cha 200 kinachogonga mlango wa 100, 91. Kwenye jaribio lako laptopu A ilikuwa kwenye kiungo cha 100 yenyewe, haikuweza kuzidisha, hakuna bafa iliyojaa. Umeondoa vitu viwili kwa mpigo, PPPoE na mgongano wa kasi, halafu umelaumu kimoja.

#28 KawempeBit
Hapo umenibana, nakubali hoja ya mpangilio wa jaribio. Bado naweka dau kwa PPPoE.

#29 Gulu_Admin
Vitenganishwe basi. Laptopu A ikiwa na Linux na kadi ya gigabiti:

Jaribio la kwanza: weka swichi ndogo ya gigabiti kati ya A na WAN ya ruta, bila PPPoE. A sasa inasukuma kwa 1000 na swichi inatoa kwa 100. Kabla ya hapo zima udhibiti wa mtiririko: ethtool -A eth0 rx off tx off, la sivyo swichi itaiambia A isubiri na hakuna kitakachodondoka. Kasi ikishuka hadi 70 na kitu, ni bafa.

Jaribio la pili: ondoa swichi, A moja kwa moja kwenye WAN, lakini iwe seva ya PPPoE: pppoe-server -I eth0 -L 10.9.9.1 -R 10.9.9.10 -N 1, jina na nenosiri viwekwe kwenye chap-secrets na pap-secrets. Ruta iunganishe kama kawaida. Ikishuka hapo, ni PPPoE.

Vyote viwili vikishuka, tugawane lawama.

#30 Fundi_Jinja
Jaribio zuri, ila kwa anayetaka tu kutumia 200 yake: vyovyote itakavyotoka, paa la ruta hiyo ni 94. Runinga haitajali, milango ya runinga nyingi ni 100 na 4K ya Netflix wanashauri 15 Mbps tu. Atakayeumia ni anayehamisha mafaili makubwa.

#31 Mbarara_Cat6
Nikinunua ya gigabiti iliyotumika, Archer C7 kwa mfano, inatosha kwa 200? Au hEX ya MikroTik?

#32 KawempeBit
C7 ina MHz 720, kiini kimoja. Kwa fimuwea ya kiwandani acha Hardware NAT ikiwa imewashwa, 200 inapita. Kwa OpenWrt washa Software flow offloading (inampunguzia prosesa mzigo), ipo tangu toleo la 18.06, iko Network, Firewall. hEX RB750Gr3 ina viini viwili vya MHz 880 na milango mitano ya gigabiti, haina Wi-Fi. Humo hakikisha FastTrack (njia ya mkato ya pakiti) ipo:

/ip firewall filter add chain=forward action=fasttrack-connection connection-state=established,related

na mara tu baada yake kanuni ya accept ya established,related, maana si kila pakiti hupita njia ya mkato. Ukiweka Simple Queue (kanuni ya kugawa kasi), zile zilizopita FastTrack hazitahesabiwa humo. Chagua kimoja.

Na usinunue yenye MB 4 za flash (hifadhi) na 32 za RAM kwa ajili ya OpenWrt. Toleo la 19.07 ndilo la mwisho kwa hizo.

#33 NtindaWaya
Webale nnyo wote. Swichi ya gigabiti ya kuazima nimepata, PPPoE nitaiweka kwenye Linux. @Gulu_Admin, kwenye jaribio la kwanza nipime kwa muunganisho mmoja au kwa -P 4 (minne kwa pamoja)?

#34 Gulu_Admin
Vyote. Muunganisho mmoja ndio unaoumia zaidi bafa ikiwa ndogo. Kwa -P 4 tofauti inaweza kufichika, kwa sababu mmoja ukikatwa wengine wanajaza nafasi. Andika pia safu ya Retr (pakiti zilizotumwa tena) ya iperf3 upande unaotuma. Kasi ikishuka na Retr iko 0, KawempeBit ana haki. Retr zikiwa mamia, nina haki mimi.